Mkeka umetoka, fundi wa kisima hayumo

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu nilipanga tuongelee vikoba maana maswali ya vikoba hayaishi, ila meseji zilizoingia nyingi zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti tofauti, nani anawekwa kwenye hizi kamati na bodi za kushauri serikali kuhusu asasi, anawekwa kwa kigezo gani, na huo uzoefu unaotajwa kila siku ni uzoefu wa nini hasa. Basi vikoba vitasubiri. Nimechagua maswali matano, marefu nimeyapunguza kidogo, msininunie.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa asasi ndogo hapa Nkuhungu, tunahudumia wazee wasio na watu, tuko sita tu na ofisi yetu ni chumba cha mbele nyumbani kwa mwenyekiti. Mtoto wa kaka yangu anasoma Melbourne, juzi kaniambia huko serikali imeteua watu wazoefu waingie kwenye bodi ya kushauri mambo ya mashirika ya hisani, na kila jina limeelezwa huyu ni nani na amefanya nini. Nikamwambia hata sisi mkeka ukitoka, ile orodha ya walioteuliwa, majina tunayaona. Akaniuliza, kati ya hao kuna aliyewahi kuendesha asasi kama yenu? Nikabaki sina jibu. Hivi sisi tuna chombo kama hicho? Na mtu kama mimi anafikaje huko?

JIBU: Marahaba mwanangu, na huyo mtoto wa kaka yako ana maswali ya kichokozi, mwambie aendelee hivyo hivyo.

Tuanze na huko kwao ili tujue tunalinganisha nini. Australia wana tume yao inaitwa ACNC, ndiyo inayosajili na kusimamia mashirika ya hisani nchi nzima, ilianza Desemba 2012 na mashirika kwenye daftari lake ni kama 60,000 hivi. Pembeni ya kamishna wa tume sheria imeweka bodi ya ushauri, wajumbe wa kawaida hawazidi 8, na anayewateua ni waziri. Sheria yao inataka watu hao ukiwachanganya pamoja wawe na ujuzi wa mashirika yasiyo ya faida, na wa sheria, kodi au uhasibu. Sasa hapo kwenye kuchanganya ndipo watu wengi wanapapita haraka haraka. Haitakiwi kila mmoja ajue vyote, inatakiwa meza nzima ijue vyote, huyu mwanasheria, yule ameendesha shirika la kijijini miaka kumi na tano, mwingine anaijua kodi kama anavyoijua jiko lake. Na kingine, bodi ile inashauri tu. Haifuti usajili wa mtu, haikamati mtu, kamishna anasikiliza halafu anaamua yeye.

Sisi kwetu ni tofauti kidogo. Sheria yetu ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni namba 24 ya mwaka 2002, na ndani yake kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya kila leo, yaani hata kwenye semina. Kuna Msajili, huyu ni mtendaji. Kuna Bodi ya Uratibu, mwenyekiti wake anateuliwa na Rais na wajumbe wanateuliwa na waziri, na hii bodi sio ya kushauri peke yake kwa sababu ina meno, inaweza kusimamisha au kufuta usajili. Halafu kuna Baraza la Taifa, ndilo hilo NaCoNGO, hili ni la asasi zenyewe, wajumbe 30, wanapatikana kwa kura, na kazi yake ni kuziunganisha asasi, kuzisemea na kusimamia kanuni za maadili ambazo tumejiwekea wenyewe. Baraza lilikaa kimya muda mrefu hadi uchaguzi wa 2021 ukaliamsha. Kwa hiyo ukitafuta hapa chombo kinachofanana sawasawa na kile cha Australia hukipati, ushauri kwetu umetawanyika, kidogo uko kwenye bodi, kidogo kwenye baraza, kidogo kwenye lile jukwaa la asasi la kila mwaka, na sehemu kubwa uko kwenye vikao vya muda, ile "kamati ya kupitia rasimu", "timu ya wataalamu", ambayo inaitwa Jumatatu na Ijumaa imeshavunjwa.

Na ni hizo kamati za muda ambazo mtu wa Nkuhungu anaweza kuingia, ndo maana nataka nikupe kisa.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye kamati moja, sitaitaja, ya kupitia mwongozo wa matumizi ya fedha kwa asasi ndogo. Tuko kumi na mbili, ukumbi una viyoyozi mpaka tunatetemeka na nje jua la Oktoba la Dodoma linapasua mawe. Rasimu kurasa 84, tumekabidhiwa asubuhi ile ile, karatasi bado za moto kutoka kwenye mashine. Tukafika kipengele kinachosema kila malipo ya asasi lazima yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wote tunatikisa kichwa, sawa, uwazi huo, twende kipengele kinachofuata. Hata mimi nilitikisa, sifichi.

Kwenye kona alikaa bwana mmoja wa Bahi, asasi yake ilikuwa inachimbisha visima, tangu chai hajasema neno. Akanyoosha mkono. Akavuta kwenye mfuko wa koti kaunta buku limefungwa na mpira wa tairi la baiskeli, akalifungua akalilaza mezani. Ukurasa mzima ni madole gumba, ya zambarau, mengine yamepakaa mpaka kwenye mstari wa jirani. Akaanza kuyaonyesha moja moja. Huyu ameleta madumu 40 ya maji ya kuchanganyia zege, kwa punda. Huyu mama ameponda kokoto siku sita. Huyu ametupikia ugali wa uwele na mlenda siku tisa, mafundi walikuwa watano. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Waheshimiwa, kati ya hawa mwenye mashine ya EFD ni nani, punda?"

Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kipengele kilibadilishwa kabla ya chakula cha mchana, malipo madogo ya kijijini yakakubaliwa kwa orodha yenye jina, kazi, kiasi na saini au dole, na mtendaji wa kijiji anashuhudia. Kurasa 84 zile zilikuwa zimepita kwa wanasheria wawili na mshauri mwelekezi, hakuna aliyeona. Yule bwana aliona, na sio kwamba ana akili kuliko wao, ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anashika vidole vya wale akina mama anavichovya kwenye wino.

Sasa sikia. Mwaka uliofuata kamati ikaundwa upya, mkeka ukatoka, yule bwana hayumo. Nafasi yake kawekwa daktari wa falsafa, mtu mzuri tu, msomi, mwenye adabu zake, ila hajawahi kulipa punda. Niliuliza kwa mtu ninayemfahamu mbona yule mzee hayupo, nikajibiwa "safari hii tunahitaji watu wenye uzoefu". Nilikaa chini.

Ndio shida yenyewe hiyo. Neno uzoefu kwetu limehama kutoka kwenye mikono likaenda kwenye CV. Mtu amekuwa mkurugenzi wa kitu miaka ishirini, tunasema mzoefu, hata kama kwenye miaka hiyo ishirini fomu ya taarifa ya mwaka alikuwa anajaza mtu mwingine yeye anasaini tu. Na aliyekuwa anajaza, anayejua fomu inakwama sehemu gani na mfumo unagoma saa ngapi, huyo anaitwa "staff". Mimi ningepewa kuteua ningeuliza swali moja tu, mara ya mwisho kupeleka taarifa ya asasi kwa mkono wako ni lini na ulikwama wapi? Anayejibu kwa maelezo, aingie. Anayejibu "timu yangu inashughulikia hayo", asubiri kidogo.

Sio kwamba nawakataa wasomi, msije mkaninukuu vibaya. Meza ya watu watupu wa visima nayo inapotea, itakubaliana vitu vizuri ambavyo mahakamani havisimami hata dakika mbili. Mchanganyiko ndio unaotakiwa, na ndio nilioupenda kwenye sheria ya wale wa Australia, kwamba unahesabu meza nzima, huhesabu kiti kimoja kimoja.

Kuhusu wewe kufika huko. Uteuzi wa bodi ni wa waziri na wa Rais, hapo huendi na bahasha ya maombi. Lakini majina hayadondoki toka mbinguni, mtu lazima alitaje jina lako mahali. Pa kwanza ni kwa msajili msaidizi wako, yule afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, akujue kwa kazi na sio kwa kuja kuomba barua ya utambulisho. Pa pili ni mtandao wa asasi wa wilaya na huko NaCoNGO, uchaguzi wao unaanzia chini, na ukweli mchungu ni kwamba ngazi ya wilaya watu hawaendi, wanaona ni kupoteza siku, halafu taifa likichagua wanalalamika. Nenda. Pa tatu, andika maoni. Rasimu ya sera au kanuni ikitolewa wadau watoe maoni, wewe andika ukurasa mmoja na nusu, weka mfano wa wazee wako wa Nkuhungu, peleka kabla ya tarehe. Nakuhakikishia maoni yanayofika na mifano halisi ni machache, na anayeyasoma huwa analikumbuka jina.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mhasibu mstaafu, nimefanya kazi halmashauri mbalimbali miaka 31, sasa niko nyumbani Kondoa nalima alizeti. Rafiki zangu wananiambia nipeleke wasifu wangu ili nikiwa na bahati niingie kwenye kamati ya kushauri serikali kuhusu fedha za hizi asasi kwa sababu zinapata hela nyingi na hazina udhibiti. Je uzoefu wangu unatosha au mpaka niwe nimefanya kazi NGO?

JIBU: Nzuri kaka, pole na jua la alizeti.

Miaka 31 kwenye vocha na hoja za ukaguzi ni mali, sikufichi. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya wakaguzi wa CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akijibu hoja moja baada ya nyingine anajua hesabu mbovu inanukaje kabla hata hajafungua faili, na kamati nyingi hazina mtu wa hivyo. Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako imenishtua kidogo, hiyo ya kwamba "zinapata hela nyingi na hazina udhibiti". Kaka, udhibiti upo, na mwingine umebana mpaka basi. Kanuni za Oktoba 2018 zinasema asasi ikipata fedha zaidi ya milioni 20 inatakiwa ipeleke mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na itangaze kwa umma mapato na matumizi yake. Juu ya hapo kuna taarifa ya mwaka, kuna hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, na huyo mkaguzi hafanyi kazi kwa sala, analipwa. Kuna asasi ninazijua bajeti ya mwaka mzima ni milioni tatu, na bei ya kukaguliwa inakula karibu robo. Wanachagua, tukaguliwe au tununue madaftari ya watoto?

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo na bado. Unafaa, ila kabla hujapeleka wasifu, fanya kitu kimoja. Tafuta asasi ndogo hapo hapo Kondoa, iombe ikuweke mhazini wa kujitolea, kaa nao mzunguko mmoja mzima, Januari hadi taarifa ya mwaka ipelekwe. Utakutana na vitu ambavyo halmashauri hukuviona. Hela ya mfadhili inaingia Julai wakati mradi wa mvua ulitakiwa uanze Novemba iliyopita. Mwenyekiti amekopesha asasi laki mbili ya mfukoni kwake ili mgonjwa asafirishwe na hakuna alipoiandika, sasa anaidai au hadai? Bodi yenyewe ni mwalimu, mchungaji, shehe na mama wa duka, hakuna anayejua mizania ni nini. Ukitoka hapo na ule uzoefu wako wa zamani, kwa kweli wewe utakuwa mjumbe wa hatari, kwa maana nzuri.

Na kaka, kwenye wasifu wako punguza hizo semina. Kurasa nne za semina hakuna anayezisoma.

SWALI: Shangazi za saa hizi, niko Mpwapwa, nina miaka 27, nimeongoza kikundi cha mabinti waliokatishwa shule miaka sita sasa na tumesajiliwa ngazi ya wilaya. Kila kikiitwa kikao cha kushauri mambo ya asasi naambiwa hizo nafasi ni za wazoefu, vijana tutakuwa "waalikwa". Yaani tunakaa nyuma tunapiga picha za kurusha. Nikihoji naonekana sina heshima. Nifanyeje??

JIBU: Salama mwanangu, na hizo alama mbili za kuuliza nimezielewa vizuri.

Hebu tuhesabu kidogo. Juni 2019 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria kadhaa kwa mpigo, ya asasi yakiwemo. Waliokuwa wamejisajili BRELA kama kampuni, au RITA kama bodi ya wadhamini, au kule Mambo ya Ndani kama jumuiya, na kazi zao ni za NGO, wakaambiwa wahamie kwenye daftari la Msajili wa NGO, na muda uliotolewa ulikuwa mfupi. Foleni zile nazikumbuka, watu wametoka Kigoma na faili kifuani wanauliza dirisha liko wapi. Na marekebisho hayo hayo yakasema cheti kitadumu miaka 10, kisha unakihuisha. Sasa wewe piga hesabu, waliopata cheti 2019 kinaisha 2029, yaani kuna kundi kubwa la asasi litarudi mlangoni kwa wakati mmoja. Kamati yoyote inayoishauri serikali leo ilitakiwa iwe inajiuliza 2029 tutafanyaje, nani atakumbushwa, aliyeko Kibakwe mtandao unaokamata juu ya kichuguu tu atahuisha vipi. Na anayejua hayo ni nani? Ni wewe uliyesajili kikundi juzi juzi kwa simu ya tachi, mfumo unakutoa unaingia tena, kuliko mzee aliyesajili shirika lake enzi za taipureta. Uzoefu nao unachacha kama togwa, wa mwaka juzi una nguvu kuliko wa 1998, kwenye mambo ya namna hii.

Sasa kufanya nini. Mimi sikushauri ugombane kwenye kikao, hapo utashinda hoja na utapoteza mwaliko unaofuata. Fanya hivi, ukialikwa tena, siku tatu kabla andikia katibu wa kikao, "Shikamoo, nimepokea mwaliko, ninaomba dakika tano nieleze jambo moja kuhusu usajili ngazi ya wilaya, nimeambatanisha karatasi." Karatasi iwe moja. Weka kesi tatu za mabinti wako, majina usitaje, hii ilikwama hapa, hii hapa, hii hapa, na pendekezo lako ni hili. Ukishakuwa kwenye ratiba wewe sio mwalikwa tena, muhtasari utaandika umesema nini. Muhtasari ndio unaobaki, picha za kurusha zinafutwa simu ikijaa.

Na watu wazima tunaosoma hapa, tuache kidogo. Nimekaa vikao ambavyo kijana anatajwa mara kumi na tano, "vijana wetu", "kundi la vijana", na kijana mwenyewe yuko nyuma anagawa maji.

SWALI: Mambo vipi, samahani naomba kuuliza posho ya hizo kamati ni bei gani?

JIBU: Hahaha. Poa. Angalau wewe umeuliza kweupe, wengine wanazunguka mbuyu.

Posho ya kikao inafuata viwango vya serikali, na inatofautiana kwa kamati na kwa cheo, usitegemee kujengea nyumba Iyumbu. Ila swali lako sio la kipuuzi kama wengine watakavyolichukulia. Kamati isiyolipa chochote itajaa watu wenye mishahara na magari, kwa sababu mwenye asasi wa Chemba hawezi kuacha shamba wakati wa palizi, apande bodaboda, basi, alale gesti Majengo, halafu aambiwe ahsante kwa uzalendo wako. Na hata ikilipwa, wanasema nauli utarudishiwa, inarudi baada ya miezi mitatu. Wa Dar siku hizi hana shida, tangu treni ya SGR ianze 2024 anapanda asubuhi na saa tano yuko ukumbini anakula sambusa. Wa Chemba ndiye aliye karibu na ndiye anayechelewa. Mkiniuliza mimi, nauli itolewe mkononi siku ile ile, posho iwe ya kawaida, isiwe tamu sana. Ikiwa tamu sana utaona watu wanasahau muda wao umeisha.

Huko Australia, kwa kuwa ndio tulioanza nao, mjumbe anateuliwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, waziri akitaka anamrudisha, asipotaka basi. Tarehe ya kutoka inajulikana siku ya kuingia.

SWALI: Shikamoo mama. Naandika toka Manyoni, naomba usitaje asasi yetu. Mwenyekiti wetu ameteuliwa kwenye kamati ya kushauri mambo ya asasi mkoani. Mwanzo tulifurahi tukamfanyia na sherehe ndogo, soda na biskuti. Sasa shida. Ameagiza barua zote za kuomba ufadhili ziwekwe chini ya jina lake "Mjumbe wa Kamati ya Ushauri", na asasi nyingine wametununia wanasema sisi tuna mtu ndani. Mwezi ujao kamati yake itapitia asasi zipi zipendekezwe kwenye mradi fulani na sisi tumeomba. Yeye anasema hakuna shida kwa sababu hatatupendelea. Mama hii imekaaje?

JIBU: Marahaba. Imekaa vibaya mwanangu, na haijalishi kama ni mtu mwema.

Watu wanadhani mgongano wa maslahi ni wizi. Sio wizi. Ni pale mtu amekaa viti viwili na maamuzi ya kiti kimoja yanakigusa kingine, hata kama hajala senti. Na kwenye kamati za asasi haukwepeki, maana ukitaka wajumbe wanaoijua kazi lazima utawatoa kwenye asasi, ukiwataka wasio na maslahi yoyote utapata watu wasioijua kazi. Kwa hiyo dawa sio kuwakataa, dawa ni utaratibu, na ni rahisi tu. Kikao kinapofunguliwa, kabla ya ajenda, anasema "ajenda namba tano inahusu asasi yangu, natangaza maslahi." Ikifika namba tano anatoka nje. Nasema nje ya mlango, sio kusogeza kiti nyuma na kuangalia simu, kwa sababu akibaki ndani wenzake wanaona haya. Nimewahi kuona mwenyewe, mjumbe amebaki kakaa amenyamaza kabisa, hajachangia hata neno, na asasi yake ikapita kwa sauti moja. Nani angeipinga huku anamwangalia usoni na kesho watakutana msibani? Muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Hiyo ya barua ndiyo iliyoniudhi. Mfadhili akisoma "Mjumbe wa Kamati ya Ushauri" chini ya ombi la fedha anasoma mambo mawili, ama mnamtisha ama mnamhonga kwa cheo. Iondoeni wiki hii. Kama mmeshachapisha karatasi zenye kichwa hicho, mzitumie upande wa nyuma kwa rasimu. Halafu kaeni kama bodi, mumwombe aache kuwa msainaji wa benki na akae pembeni kwenye uenyekiti kwa muda wote atakaokuwa kwenye kamati, makamu ashike. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu, hasa kama asasi ni yeye, nyumba ni yake na mume wa dada yake ndiye mhazini. Mumweleze hivi, asasi yenu ikipata mradi huo naye hajatoka nje, ukija kuchunguzwa atakayeumia ni yeye kwanza, halafu kamati, halafu nyie, na mradi utasimama watoto wakiwa katikati ya muhula.

Akikataa kabisa, ondoeni ombi lenu kwenye awamu hii. Inauma, najua, ila awamu nyingine zitakuja, na hao waliowanunia ndio majirani zenu wa kuazimana gari.

Mengine mliyoniandikia kuhusu kodi na hadhi ya hisani kule TRA nimeyaweka kando yana marefu yake, tutayafungua pamoja na vikoba toleo lijalo. Na yule aliyeandika kwa herufi kubwa tupu kwamba kamati zote zifutwe, nimekuona, nitumie basi hata mfano mmoja wa iliyokukwaza.